Itoke kwa Shida

Neno "ala" lina kazi mbili. Kuna ala za muziki na ala za vita, yaani vyombo vya kufanyia jambo. Halafu kuna ala ya kisu, lile gamba la ngozi ambamo kisu hulala kisipotumika, yaani chombo cha kuzuia jambo. Kamusi huyapa maneno haya kila moja mlango wake, ala ya kwanza na ala ya pili, kisha husonga mbele. Mimi ninayeshona ala za bastola kwa mkono, kama burudani yangu ya wikendi, nimeshindwa kuyatenganisha. Nikichukua sindano huwa najiuliza: hii ninayoshona leo ni ala ipi kati ya hizo mbili?

Swali hili ukilitoa kwenye ngozi linakuwa la kila mtu. Anayetengeneza kinachobeba silaha ana sehemu gani katika kile kinachofanywa na silaha hiyo? Dereva anayempeleka bosi kwenye mkutano wa kugawana zabuni ana sehemu gani? Msee wa kompyuta anayeandika programu ya kampuni ya kamari, akijua fika ni nani watakaouza simu zao mwisho wa mwezi? Rika langu limejaa watu wanaoandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao na kulipwa kwa ukurasa. Wengi wetu mjini hatushiki kisu. Tunashona ala. Kwa hivyo ukiona nazungumza kuhusu ngozi na uzi, usidhani nazungumza kujihusu peke yangu.

Acha kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu hukumu nyingi hutolewa na watu wasiojua kazi inafanywaje.

Ala ya bastola huanza na ngozi nene ya ng'ombe, milimita 3 hadi 3 na nusu. Si ngozi yoyote. Ngozi nyingi za viatu na mikoba zimetengenezwa kwa chumvi za kromu, na hizo hubaki laini siku zote, ukizikunja zinakunjuka. Ninayoitaka ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti kama miwati. Hiyo ukiilowesha maji ya uvuguvugu inalegea kama unga uliokandwa, unaisukuma kwa vidole mpaka ifuate umbo la kitu kilicho ndani, kisha ikikauka inashika umbo hilo. Wahenga walisema ngozi ivute ili maji. Wengi tulifunzwa methali hiyo shuleni kama habari ya kulea watoto, lakini mtu wa kwanza kuitamka bila shaka alikuwa na ngozi mkononi.

Kushona nako ni kwa uzi mmoja na sindano mbili. Unatoboa tundu kwa kichuma chenye ncha, kile cha fundi viatu, unapitisha sindano moja huku na nyingine kule, zinapishana ndani ya tundu hilo hilo, unavuta. Milimita 3 au 4, unatoboa tena. Uzi uliopakwa nta ya nyuki unatakiwa uwe kama mara nne ya urefu wa mshono, la sivyo utakuishia njiani. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja, uzi unaanza kufumuka. Huu wa mkono ukikatika tundu moja, matundu ya jirani yanaendelea kushikilia. Ala moja hunichukua wikendi mbili. Vidole vinauma, kejani kunanuka nta, na majirani wameshazoea ile sauti ya nyundo.

Bastola sina na sijawahi kuwa nayo. Mteja mwenye leseni huja na yake, anatoa risasi mwenyewe na kuzitia mfukoni mwake, anaifunga bastola kwa karatasi ya plastiki, anaitia kwenye ngozi mbichi. Mimi naibonyeza ngozi kwa nje kwa muda wa nusu saa hivi, kisha anaichomoa na kwenda nayo. Inabaki ngozi yenye umbo la bastola, ndani hamna kitu. Kwa hivyo silaha nimeigusa, ila kila mara kulikuwa na ngozi kati yangu nayo. Mwanzoni nilidhani milimita hizo 3 zinatosha kunitenga na mengine yote.

Kisheria zinatosha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahusika na bunduki, risasi na leseni. Ngozi yangu si mojawapo. Lakini mtu akikwambia "si kosa kisheria," mara nyingi maana yake ni kwamba ameishiwa na majibu mengine.

Basi tuyapime hayo majibu mengine.

La kwanza ni njaa. Kazi ni kazi, mkono uende kinywani. Hili ni jibu zito na sitalicheka, maana nimeona watu wakubali kazi mbaya kwa sababu ya karo ya mdogo wao. Lakini mimi siwezi kulitumia. Kodi yangu hutoka kwenye kuandika. Ngozi haijawahi kunilipia hata tokeni za stima; ukitoa bei ya ngozi, uzi na nauli, ninachobakisha ni chai. Nashona kwa sababu napenda kushona. Na hapo ndipo jambo linapokuwa gumu zaidi, si rahisi zaidi. Anayefanya kwa njaa anaweza kusema alisukumwa. Anayefanya kwa raha hana mtu nyuma yake. Watu hudhani burudani ni mahali ambapo maswali ya maadili hulegea. Naona kinyume: burudani ndiyo kazi pekee ambayo mtu ameichagua mzima mzima, kwa hivyo ndiyo inayomsema vizuri zaidi.

La pili ni hili: nisiposhona mimi atashona mwingine. Ni kweli kabisa. Nairobi kuna ala za nailoni na za plastiki ngumu zinazoingizwa kutoka nje, na hakuna bastola hata moja itakayolala bila nguo kwa sababu mimi nimekataa. Lakini angalia jibu hili linavyofanya kazi. Kila mmoja akilitumia, tendo litafanywa na hakutakuwa na mtu aliyelifanya. Askari wa kizuizini anayepokea hamsini ya dereva wa matatu analijua jibu hili kwa moyo, na dereva naye analijua. Linaeleza vizuri hali ya dunia, ila halielezi lolote kuhusu mkono wangu. Hata kama ala ingeshonwa na mwingine, hii yenye mshono huu niliishona mimi.

La tatu ndilo nililolipenda kwa muda mrefu: mimi nashona ngozi tu. Kilicho ndani ni cha mwenyewe.

Ngozi yangu nainunua Kariokor. Ukipita pale utaona viatu vya ngozi vyenye shanga, vipande vya ngozi vimerundikwa, na moshi wa nyama choma upande wa pili. Wengi wetu hutamka jina hilo bila kulisikia. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wabebaji wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Waingereza walipopigana na Wajerumani katika Afrika Mashariki kuanzia 1914, magari na wanyama wa mizigo hawakufaa sana: barabara hazikuwepo na ndorobo waliua farasi na nyumbu. Ikabidi risasi, unga na mahema vibebwe kichwani. Waafrika walikusanywa, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kwenye Barabara ya Kenyatta kuna sanamu za shaba za kuwakumbuka askari Waafrika wa vita hivyo, na mmoja kati ya wale watatu ni mbebaji.

Je, mbebaji alikuwa na hatia ya vita? Nadhani karibu sote tutasema hapana, na tutasema hivyo kwa sababu mbili. Hakuchagua, na vita havikuwa vyake. Lakini hatusemi hivyo kwa sababu alikuwa anabeba tu. Mzigo wake ulikuwa muhimu kuliko bunduki nyingi. Bila kichwa chake bunduki ya mbele ingenyamaza kwa kukosa risasi. Kwa maneno mengine, kubeba si jambo dogo, na hakujawahi kuwa jambo dogo. Kinachomtoa mbebaji wa Kariokor lawamani ni kamba iliyomfunga. Mimi sina kamba. Nikisimama sokoni humo nikapapasa ngozi huku nikisema "mimi nashona tu," nakuwa nimelichukua jibu la watu waliolazimishwa na kulivaa kama kofia.

Hata watu wakubwa kuliko mimi wameshindwa kulala na jibu hilo. Mikhail Kalashnikov, ambaye bunduki yake ya 1947 tunaijua sana huku kwetu kuanzia Turkana hadi Baringo, alisema kwa miaka mingi kwamba aliitengeneza kuilinda nchi yake, na wanasiasa ndio wa kulaumiwa kwa mengine. Kuna wakati alisema angependelea kuwa amebuni mashine ya kukata nyasi. Akiwa na miaka zaidi ya 90, alimwandikia barua Patriaki wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi akimweleza uchungu alio nao moyoni, na kumuuliza kama yeye ana hatia ya vifo vilivyosababishwa na bunduki yake. Alifariki Desemba 2013. Kanisa lilimtetea: silaha ikiilinda nchi, Kanisa huwaunga mkono walioibuni na wanaoitumia. Huenda jibu hilo lilimfariji. Ila mtu hangoji miaka 60 kuuliza swali ambalo tayari lina jibu jepesi.

Walimu wa dini walilishughulikia jambo hili zamani sana, na kwa makini kuliko sisi wa mitandaoni. Katika fikihi ya Kiislamu kuna mjadala maarufu wa mwenye zabibu: inafaa kumuuzia maji ya zabibu mtu unayejua atayageuza mvinyo? Abu Hanifa aliruhusu, kwa hoja kwamba dhambi haimo kwenye zabibu bali kwenye tendo la mnunuzi ambaye ana hiari yake. Wengine wengi walikataa au kuchukia, wakisema ukijua, umesaidia. Na kuhusu kuuza silaha wakati wa fitina, wanazuoni wengi walikaza zaidi. Wakatoliki nao hutofautisha mtu anayeshiriki kwa kutaka lile ovu lenyewe na mtu anayetoa msaada bila kulitaka, kisha humuuliza huyu wa pili: msaada wako uko karibu kiasi gani na tendo, na una sababu nzito kiasi gani?

Ukizichuja hoja hizo zote unabaki na maswali matatu ambayo hata mtu asiye na dini anaweza kuyatumia. Unajua nini? Uko karibu kiasi gani? Na je, kitu chako kimetengenezwa kwa ajili ya lile tendo baya, au kinaweza kulielekea na kulipinga vile vile?

Swali la tatu ndilo lililonirudisha mezani kwangu, kwa sababu jibu lake limo kwenye mkasi.

Ala ya bastola hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Inafunika kifyatulio, ili kidole, ufunguo au mkunjo wa shati usikiguse kwa bahati mbaya. Bastola iliyosukumwa kwenye suruali bila ala ni ajali inayotembea. Hapo ala ni mlinzi. Lakini pia inaiweka bastola mahali ambapo mkono unaifikia haraka. Hapo ala ni mshirika. Mambo haya mawili yanavutana, na fundi ndiye anayeamua kamba ivutwe upande upi.

Historia ya kazi hii ni historia ya mvutano huo. Miaka ya 1920, El Paso, Texas, kulikuwa na mlinda sheria aliyeitwa Tom Threepersons. Ala iliyobeba jina lake, iliyoshonwa na fundi S.D. Myres wa mji huo huo, ilipunguzwa kila kilichokuwa kinamchelewesha mtu: ngozi fupi, mpini wazi, hata sehemu ya kifyatulio ikaachwa wazi. Iliigwa na mafundi wengi wa Marekani waliofuata. Enzi hiyo hiyo jeshi la Marekani lilikuwa linatumia ala ya M1916, yenye kifuniko kipana cha ngozi kinachoshuka juu ya mpini na kufungwa. Ile ya kwanza inamwambia mkono, "karibu." Hii ya pili inauambia, "ngoja kidogo." Ngozi ni ile ile ya ng'ombe, na uzi ni ule ule. Tofauti yote ni pale mkasi ulipopita.

Kwa hivyo siamini tena kwamba fundi ana uamuzi mmoja tu, wa kushona au kutoshona. Ana maamuzi kadhaa madogo, na kila moja lina uzito wake: kimo cha mpini, ugumu wa mdomo wa ala, kuwepo au kutokuwepo kwa ule ukanda mdogo wenye kishikizo unaopita juu ya bastola. Ukanda huo hufunguliwa kwa dole gumba, na mtu aliyezoea hachukui hata sekunde nzima. Kama kazi yangu ina biashara yoyote, basi nauza sekunde. Naweza kuuuzia mkono, au naweza kuiuzia akili.

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ndiye aliyenifunza hilo. Ana leseni ya miaka mingi. Mwishoni mwa 2018 serikali ilipowataka raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, naye alipanga foleni. Ala yake ya zamani ilikuwa imelegea. Nilimuuliza, kama ninavyouliza wote, angependa itoke vipi. Akasema, "Kijana wangu, nataka itoke kwa shida."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea, "Nina wajukuu nyumbani, hiyo ni moja. Ya pili, mimi nina hasira. Nimeishi na mimi miaka sitini na kitu, najijua. Mtu akinitukana pale dukani, nataka mkono uende, ukwame, nipate kujiuliza naenda wapi."

Nilimshonea yenye ukanda mpana, na mdomo nikaukaza. Alipoijaribu bastola ikagoma kwanza, akacheka, akasema sawa.

Oda nyingine ilikuja Agosti 2024 kupitia kwa rafiki. Ilikuwa ya afisa wa polisi. Alitaka ala ya kuvaa ndani ya suruali, isionekane chini ya fulana, isiwe na ukanda wala kishikizo, na itoke haraka. Sihitaji kukukumbusha miezi iliyotangulia ilikuwaje. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni na risasi zikafyatuliwa mitaani. Kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Tuliona picha za watu wenye nguo za kiraia na nyuso zilizofunikwa, bastola mkononi, katikati ya mji wetu. Nilimwambia, "Afande, hiyo sitaishona."

Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ni kwa sababu ya Juni.

Hakupandwa na hasira, na hilo ndilo lililonisumbua. Alisema, "Kijana, Juni mimi sikuwa hata Nairobi. Mimi naishi mtaani na majambazi niliowakamata. Nikitoka kazini usiku nafuatwa. Unataka nife ndiyo ufurahi?" Nilimwambia naweza kumshonea ya mshipi, ya nje, yenye kishikizo. Akatikisa kichwa. "Jambazi hangoji ufungue kishikizo." Tukaagana vizuri.

Nimeutafakari mwaka mzima ule mstari wake, na sijapata namna ya kuupuuza. Huenda alisema kweli tupu. Maafisa wa polisi huuawa wakiwa nje ya zamu, na sekunde ambayo ningemshonea mzee kama zawadi ingeweza kuwa kaburi lake. Ukisema fundi ana sehemu katika maovu ya silaha aliyoibeba, lazima ukubali ana sehemu pia katika mema aliyoyakosesha. Haiwezekani hesabu ihesabiwe upande mmoja tu.

Hata hivyo bado naona nilikuwa na haki ya kukataa, na sababu ni zile za maswali matatu. Nilichojua: wakati ule, katika mji ule, umbo lile lilikuwa limekwisha kutumika kuficha bastola kati ya umati. Ukaribu: ala ya kujificha iko karibu na kujificha kuliko ngozi yoyote nyingine ninayoweza kushona. Na muundo: alichotaka ni ala iliyoondolewa kila kinachomwambia mkono ungoje. Sikumhukumu yeye. Sina uwezo huo, sikumjua. Nilihukumu umbo, na nilihukumu majira. Hapa nakubaliana na wale wa kale waliosema kitu kile kile kinaweza kuuzwa wakati wa amani na kisiuzwe wakati wa fitina. Mtu anayetaka kanuni isiyoangalia kalenda anataka kurahisishiwa.

Kuna mapingamizi mawili ambayo lazima niyajibu.

Kwanza, kukataa kwangu kulikuwa kwa bei rahisi. Sikupoteza mlo. Gharama, kama ipo, ilimwangukia yeye. Hili ni kweli, na linanifunza unyenyekevu: sina ruhusa ya kumtazama kwa dharau fundi wa Kariokor mwenye watoto wanne ambaye angeikubali oda ile. Maadili ya mtu mwenye nafasi ya kuchagua si kipimo cha asiye na nafasi. Lakini nafasi yenyewe ikishakuwepo inadai kitu. Kama mimi nisiyebanwa na chochote siwezi kukataa, nani basi atakataa?

Pili, kuna suala la urembo. Ala nzuri huifanya silaha ipendeze. Nikisugua kingo za ngozi kwa kijiti na nta mpaka zing'ae, nakuwa nimekivisha nguo za sikukuu kitu ambacho kazi yake ni kutoboa miili. Pingamizi hili lina nguvu kuliko la kwanza. Jibu ninalo nusu tu, na limetoka pwani. Angalia jambia. Kule Oman khanjari iko mpaka kwenye bendera ya nchi, na mwaka wa 2022 UNESCO iliitia ufundi wake katika orodha ya urithi wa binadamu. Ala yake imepinda kuliko ubao wenyewe wa kisu, imejaa nyuzi za fedha, na ukimtazama mtu aliyeivaa, unachokiona ni ala. Lamu bwana harusi akivaa joho na jambia, hakuna anayeogopa. Karne kwa karne ala imekuwa kubwa mpaka ikaimeza silaha. Urembo, basi, unaweza kuituliza silaha hadi ikawa pambo. Nasema jibu ni nusu kwa sababu jambia lilihitaji muda mrefu na jamii nzima iliyokubaliana kwamba halichomolewi. Bastola haijapata makubaliano hayo, wala ngozi yangu peke yake haiwezi kuyaleta. Kwa hivyo ninayoshona ni mazuri kwa mshono, lakini sichongi maua juu yake. Nataka yadumu, sitaki yatamaniwe.

Sasa nina masharti, machache. Nashona kwa mtu niliyemwona kwa macho na leseni yake. Kila ala inafunika kifyatulio chote. Kila ala ina ukanda na kishikizo, na asiyetaka kishikizo namwelekeza kwenye maduka ya plastiki. Najua masharti haya hayamzuii muuaji aliyepanga. Mtu wa namna hiyo hazuiliwi na kitufe. Yanaweza kumzuia mtoto mdadisi, mlevi wa saa nane za usiku, na mzee mwenye hasira anayejijua. Ni kidogo, lakini ndicho kilicho mkononi mwangu.

Hapo ndipo ninapoliweka jibu langu. Sehemu ya mbebaji ipo, na haitoki kwa kusema "mimi nashona tu." Pia si kubwa kama ya mfyatuaji, na anayejibebesha yote anajivunia umuhimu asio nao. Kazi ni kuijua sehemu yako kwa ukubwa wake halisi, kisha kuikata vizuri. Msee wa programu ya kamari anajua ni wapi angeweka kishikizo. Mhasibu anajua. Wewe unayesoma unajua ni oda gani mezani kwako inataka itoke haraka bila mtu kuuliza.

Ala ya mzee bado iko kiunoni mwake, nasikia, na bado inagoma. Inawezekana siku moja aifungue, na lifanyike jambo ambalo mimi na yeye hatukulitaka. Siku hiyo ikija, mengi atayajibu yeye. Nikiulizwa mimi, sitasema nilishona ngozi tu.